Paina za Rambirambi

Aneth,

Jumanne iliyopita, kabla ya adhana ya adhuhuri, nilipoteza ekari tatu za paina kule Makete. Shemeji zangu, niliokesha nikiwahofia miaka yote hii, hawakuzigusa. Moto wa kiangazi nao haukupita. Umeziuza wewe, na mimi mama yako nimezinunua, tena nikiwa nacheka.

Salamu nimeziruka. Asubuhi ya leo umeniamkia ukiwa umegeukia sinki, nami nimeitikia marahaba nikiwa nimegeukia mlango. Tuhesabu tumesalimiana.

Naandika nikiwa yadi yetu ya mbao hapa Gerezani, mchana huu, juu ya meza ileile uliyokuwa ukifanyia hesabu za shule. Vijana wanashusha mzigo, mikokoteni imeziba njia yote, na jirani yangu wa vitasa na bawaba anagombana na mteja wa Mbagala anayetaka kurudisha kitasa alichokwisha kukivunja. Wewe umevuka Magogoni kumuaga shangazi yako Kigamboni. Kesho saa nne asubuhi tunatoka nyumbani kwenda uwanja wa ndege. Sitakuandikia uvae nini kwenye baridi wala ule nini. Una akili na una simu, utajua. Nilikuwa na barua nyingine kichwani, nzuri, ya mama anayejisifu mbele ya Gerezani nzima kwamba mwanawe anakwenda kuchukua shahada mbili za uzamili kwa mkupuo mmoja, mwaka wa kwanza Finland, wa pili Ujerumani. Barua hiyo ilikufa Jumanne.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana tulipogombana hukunipa nafasi ya kueleza, na mimi sikukupa ya kujibu.

Lori liliingia limejaa. Chaula, yule kijana dalali anayetuletea mbao za kusini, akaruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Shikamoo Mama Aneth!"

"Marahaba. Umeniletea mbao au njiti za kiberiti?"

Vijana wakacheka. Unanijua nikiona mzigo. Nikavuta ubao mmoja, inchi mbili kwa nne, nikauinua nikauchungulia kwa jicho moja. Umepinda. Nikautazama kichwani, pale ulipokatwa: pete pana, chache, za mti uliokuwa bado una mbio za kukua.

"Huu mti ulikuwa unanyonya, Chaula. Nani kauachisha ziwa?"

"Mama, mbao sokoni hakuna. Kila mtu analeta hizihizi."

"Mwenye shamba hili ama kafiwa, ama anakimbia mji."

"Wala! Ana akili zake, tena msomi. Dada mmoja hivi, anaenda Ulaya kusoma."

"Kusoma nini?"

"Misitu."

Aneth, yadi nzima iliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema, "Anakwenda kusomea misitu, anaanza kwa kuimaliza! Huyo akirudi na cheti tutajenga kwa maboksi." Nikamwambia Chaula kwamba mbao za mtu wa namna hiyo silipi bei ya mbao, nalipa bei ya mabanzi ya kuni. Akalia, akaapa kwa mama yake, akatishia kupeleka mzigo Buguruni. Nikambana mpaka akanywea.

Utajiuliza kwa nini sikushtuka niliposikia Ulaya na misitu kwa pamoja. Nami nimejiuliza. Ni kwa sababu nilikuwa nataka bei. Mtu anayetaka bei masikio yake yanafungwa, hata ukimtajia jeneza lake atauliza linauzwaje. Liweke hilo akilini. Limenigharimu kulijua nikiwa na umri huu.

Tulipokwisha kukubaliana, nikamuuliza shamba lenyewe liko wapi, ili mzigo wa huko siku nyingine niukatae mapema. Akataja kijiji chetu. Akataja bonde. Akataja hata ule mto mdogo ambamo baba yako alizoea kuoga akiwa mtoto. Halafu akasema, "Na wewe mama, huyo dada wajina wa mwanao. Aneth."

Kicheko kilikatika. Chaula ananiita Mama Aneth tangu tufahamiane, na sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba ndani ya jina hilo kuna mtu kweli. Siku ile ndiyo alifikiri. Akanitazama, akatazama mzigo.

"Mama, kwani…"

"Shusha mzigo," nikamwambia. "Bei tumeshakubaliana."

Nikampigia simu Mzee Sanga, anayetulindia shamba. Nilitaka kumpigia kelele. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole wake ule, "Lakini Mama Aneth, mwenye mali si yeye? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia." Nikakata simu.

Na jioni, wewe. Ulikuwa jikoni unakatakata vitunguu. Nilidhani utakana, nikawa nimejiandaa kwa uongo. Wala hukukana. Ulisema tu, bila hata kuweka kisu chini, "Mama, si ulisema ni yangu?"

"Yako kuitunza!"

"Hukusema kuitunza. Ulisema miti hii ni yako. Tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Sasa nisikilize kuhusu neno hilo, kwa sababu limetukosanisha na hujui lilitoka wapi.

Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Unakumbuka msiba, hukumbuki rambirambi. Watu wa Gerezani walichanga, kanisa likachanga, mtaa ukachanga, hata wale majirani niliogombana nao kuhusu uchochoro walichanga. Baada ya arobaini kila mtu alikuwa na ushauri. Wenzangu wa kikoba cha akiba walisema ninunue friji niuze barafu na maji. Kaka yangu alisema nimalizie chumba cha nyuma nipangishe. Mimi nikapanda basi kwenda Makete, nikanunua lile bonde kwa mtu, siyo kwa ukoo, kwa mtu mwenye hati yake ya kijiji, kisha nikanunua miche. Nilipiga hesabu: miaka kumi na minane. Utakuwa na zaidi ya thelathini. Utakuwa na watoto, au hutakuwa nao, lakini utakuwa na kitu ambacho hakuna mwanaume wala mwajiri anaweza kukutishia nacho.

Siku ya kupanda, baba zako wadogo wakatokea wote watatu. Hawakuja na jembe. Walikuja na hoja: rambirambi ni ya marehemu, marehemu ni wa ukoo, kwa hiyo shamba ni la ukoo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akanigeukia, "Unasemaje, mama?" Na mimi nilikuwa mjane wa miezi michache, mgeni kwao, nina matope mpaka magotini. Nikajua nikisema "ni langu" nimekwisha. Nikakushika bega. Ulikuwa umebeba viriba vya miche, mikono imetoka malengelenge. Nikasema kwa sauti ya kuuzia mbao, "Shamba hili na miti hii ni ya Aneth. Damu ya marehemu hii hapa, mnayo hoja nayo?" Kisha nikakutazama usoni nikasema, "Miti hii ni yako." Walikula ugali wetu wakaondoka.

Neno lile lilikuwa uzio, Aneth. Nililichomeka pale ili watu wasipite. Nilikutazama wewe, lakini niliwaambia wao. Kosa langu ni kwamba na wewe ulikuwepo ukasikia.

Halafu nikaendelea kulisema, kwa sababu lilikuwa limenifaa. Ulipotaka simu kubwa kama ya wenzako: "Wewe una miti." Ulipokosa nafasi ya kozi ya kwanza uliyoomba: "Usilie, una miti yako." Mgeni akija nyumbani: "Huyu mnayemwona ana msitu wake." Nimelisema mpaka likawa kweli, na mtu wa mwisho kujua limekuwa kweli ni mimi.

Na mimi ni mfanyabiashara. Nikimwambia mteja "mzigo wako huu," nimemaliza. Ajengee nyumba, achongee jeneza, achome aote moto, simfuati. Kwa hiyo kwa neno umenishinda. Hakuna mtu Kariakoo nzima aliyewahi kunishinda kwa neno, nimeshindwa jikoni kwangu na binti mwenye kitunguu mkononi. Nimekubali. Lakini kushindwa hakujaniondolea hasira. Kumeziongeza.

Kilichoniuma zaidi ni lile la pili. Nilikuuliza kwa nini hukuniomba. Ufadhili wako unalipa ada na unalipa posho, lakini posho inaanza ukishafika. Viza walitaka waone akiba benki, na tiketi ilikuwa juu yako. Vyote hivyo nilikuwa navyo. Unajua nilikuwa navyo. Ukaniambia:

"Hela yako ina maneno, mama."

Nikakwambia ningekupa siku hiyohiyo.

"Najua ungenipa. Halafu ningeisikia mpaka siku naolewa."

Nimetembea na sentensi hiyo tangu Jumanne. Jana nilikwenda nayo hadi bandarini kufuatilia kontena la misumari, wakala ananieleza habari za foleni, mimi nasikia sauti yako. Nilitaka kuikuta ni ya uongo. Nikaanza kuhesabu: ada ya masomo yako Iringa, nilikukumbusha mbele ya dada zako wa kanisani. Kompyuta, nilikukumbusha mpaka ikaharibika, na ilipoharibika nikakukumbusha kwa nguvu zaidi. Nikaacha kuhesabu.

Nina haki gani ya kushangaa? Mimi mwenyewe nilipofika Dar nililala kwa kaka yangu Ilala. Alinipa mtaji wa kuuza vitumbua. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Huyu mdogo wangu, nimemfungulia biashara." Muuza maji aliambiwa. Mwenye nyumba aliambiwa. Siku moja nilikuwa nakula, akamwambia fundi wa redio, na tonge likanikwama hapa kooni. Kesho yake nikarudisha mtaji wake wote nikaja Gerezani kuokota mabanzi, nikawa nauza kuni kwa mama lishe. Yadi hii imeanzia pale, kwenye tonge lililokwama. Nimewasimulia watu hadithi hiyo mara nyingi kama hadithi ya ushujaa. Sikuwahi kuitazama upande wa pili, kwamba nami nina mwana anayekula mezani kwangu.

Usidhani nalainika. Bado nimekasirika, na nitakuwa nimekasirika hata ukiisoma hii mara ya pili. Maneno yangu ungeyasikia yakapita. Paina zingebaki zimesimama. Na wewe ndiye uliyenifundisha, ukiwa chuo mwaka wa pili, kwamba paina ikikatwa imekwisha. Ungekuwa umekata milingoti, yaani mikaratusi, ningesema sawa, itachipua, tutachagua machipukizi. Ulikuwa unajua unachokata.

Na shangazi yako alijua. Huko unakoaga leo ndiko mpango ulikopikwa. Yeye ndiye aliyekutafutia mnunuzi. Dada wa marehemu, anayejua fedha ile ilitoka kwenye mikono ya waombolezaji! Nitaongea naye peke yangu. Mwambie ajiandae.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Fedha si tatizo langu, na miti yenyewe nitaimeza.

Nilipopata kazi kubwa ya kwanza, ilikuwa mbao za kenchi za nyumba ya mtu Temeke. Nilipata mzigo rahisi kwa muuzaji aliyekuwa na haraka sana. Mbao mbichi, zinatoka maji. Nikafurahi, nikapeleka. Miezi michache baadaye paa lilikuwa na mawimbi kama mkeka uliokunjwa vibaya, na nilifumua na kuezeka upya kwa jasho langu. Watu hudhani nilichojifunza pale ni kukausha mbao. Nilichojifunza ni kumtazama muuzaji kabla sijatazama mbao. Anayeuza kabla ya wakati ana sababu, na katika miaka yangu yote hapa nimekuta sababu tatu tu. Ana njaa. Ana msiba. Au anaondoka na hana mpango wa kurudi.

Njaa huna. Msiba hatuna.

Unaona ninapokwenda? Mtu anayerudi hakati paina ya miaka tisa. Anakopa, anauza simu, anamwomba mama yake na kuvumilia maneno, kwa sababu anajua akirudi miti itakuwa imenenepa inamngoja. Wewe umepiga hesabu nzuri kuliko zangu, tangu mdogo hesabu unaziweza. Kwa hiyo sitaki kuamini kwamba umekosea. Naogopa kwamba umepatia.

Nilikuuliza mwezi uliopita, kabla ya haya yote, tukiwa tunapita Mnazi Mmoja na mizigo ya sweta: mwaka wa kwanza Finland, wa pili Ujerumani, wa tatu wapi? Ukacheka ukasema, "Tutaona, mama." Usiku wa kuamkia Jumatano nikauliza tena, ukaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Binti yangu, nimeuza mbao mji huu nikiambiwa "tutaona" mara zaidi ya unavyoweza kuhesabu. "Tutaona" ni hapana inayoogopa kuonekana. Mteja akiniambia "tutaona" naweka mzigo wake pembeni namuuzia mwingine, wala simchukii. Wewe siwezi kukuweka pembeni.

Sikuzuii. Pasi ya kusafiria ni yako, na safari hii neno hilo nalitumia kwa maana yake yote. Wapo waliokwenda na wakabaki, wakafanya kazi zao, wakazeeka huko, mama zao hawakufa. Nikijua kwamba hurudi nitalia, nitaacha, nitafungua yadi. Kinachoniua ni kuishi miaka miwili nikiwa nimeegemea mlango kwa sababu mwanangu aliona aibu kusema.

Na nina sababu ya kutaka jibu sasa. Mzee Sanga amepiga tena leo asubuhi. Bonde liko wazi, lina visiki vitupu. Kuna mtu wa viazi analitaka, si kukodi, kulinunua moja kwa moja, na anasubiri neno langu kesho mchana, la sivyo anakwenda kwingine. Upande mwingine mvua zinakaribia, na mwenye kitalu anataka tuagize miche mapema kabla haijaisha. Siwezi kufanya yote mawili. Ukiniambia unarudi, nitapanda upya, na safari hii mti utachagua wewe, siyo mimi. Kama paina haifai kando ya ule mto sema, mwenye kusomea ni wewe. Ukiniambia hurudi, mtu wa viazi achukue, na baba zako wadogo nitajua namna ya kuwakabili. Vyovyote nitaweza. Nimeweza makubwa.

Mbao zako zipo. Nimezipanga kule nyuma, nimeweka vijiti katikati zipate hewa, nimezifunika turubai. Sijauza hata ubao mmoja. Vijana wanafikiri nasubiri bei ipande.

Sijaweka hela kwenye bahasha hii, ili usiseme ina maneno. Maneno nimeyaleta peke yake.

Nitakuwa jikoni kuanzia alfajiri. Njoo kabla ya saa tatu, kabla hatujafunga sanduku. Usinitumie ujumbe ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, na usimtume shangazi yako. Usiniletee "Mungu akipenda". Mungu nitamuuliza mwenyewe, wewe niambie ulichopenda wewe. Usinikumbatie kwanza. Simama hapo mlangoni, unitazame, ujibu kwa mdomo wako, neno moja tu, na lolote litakalokuwa nitakubebea begi mpaka kwenye gari.

Unarudi, au hurudi?

Saa tatu, Aneth.

Mama yako